Kaye Nilizozikata Katikati

Kosa langu la kwanza katika ualimu nililifanya kwa rula na wembe. Ilikuwa wiki yangu ya pili tu. Niliwaamuru wanafunzi thelathini na wanane wa mwaka wa tatu, sehemu ya sayansi, wakate daftari zao za fizikia katikati, kwenye mkunjo, nami nikapita kati ya mabenchi nikiangalia kama kila mkato umenyooka. Palipopinda, nilichukua wembe nikanyoosha mwenyewe.

Huku Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, daftari tunaiita kaye. Kaye hizo walikuja nazo kutoka mwaka wa pili, kwa sababu karatasi za katikati zilikuwa bado tupu, na zilikuwa za namna ambayo sikuwahi kuiona. Ukifungua mbele ulikuta fizikia: kichwa cha somo, mchoro, zoezi. Ukiigeuza kaye kichwa chini na kuanza kutoka nyuma, ulikuta hisabati. Masomo hayo mawili yalitembea yakielekeana, kila moja kutoka jalada lake, hadi yakakaribia kukutana kwenye pini za katikati. Mimi niliona uchafu. Nilimwona inspekta akifungua upande usiofaa na kuniuliza, mbele ya darasa zima, kama nafundisha fizikia au nauza maharage.

"Prof," aliuliza msichana wa benchi ya tatu, wembe mkononi, "na hii ya nyuma tuweke fasi gani?"

"Peleka nyumbani. Hisabati iko na prof wake."

"Lakini Mama alisema zisiachane."

"Mama yako anajua nini kuhusu fizikia?"

Darasa likacheka. "Apana, Prof," akajibu msichana. "Mama wa mwaka wa pili."

Mama wa mwaka wa pili alikuwa mwalimu aliyewafundisha hisabati na fizikia mwaka uliotangulia, yote mawili peke yake. Nilimjua kwa kumwamkia tu. Nikasema, "Hapa ni mwaka wa tatu." Niliipenda sana sentensi hiyo wakati ule. Leo nikiikumbuka natamani kuingia chini ya meza.

Lazima niseme nilikuwa nani. Diploma yangu ni ya biashara. Fizikia nilijifundisha mwenyewe, kwa simu pale mtandao ulipokubali, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa arobaini za kwanza. Prof wa fizikia alipoiacha shule akaenda Kakanda kutafuta kazi ya mgodi, wiki mbili kabla ya masomo kuanza, mkuu wa shule, ambaye sisi tunamwita prefe, alinipa madarasa yake kwa majaribio. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kila somo niliandika mara tatu: mara ya kwanza kwa penseli, ya pili kwa biki, ya tatu kwa biki bila kufuta popote. Nikifuta, nilianza upya. Nikiwa usingizini au macho niliogopa jambo moja, kwamba mtu ataniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye zile kurasa arobaini. Baadaye nilikuja kuzipata kurasa hizo. Zilikuwa na hisabati ambayo kitabu kizima kiliitegemea.

Mwezi wa kumi nilifika kwenye somo la mteremko. Kitu kiko juu ya mteremko. Uzito wake unakivuta chini wima. Sehemu gani ya uzito huo inakivuta kuufuata mteremko? Nilijaza tablo yote ya ukutani: mishale, herufi za Kigiriki, sinus huku, cosinus kule. Nilitumia chaki za rangi tatu. Wanafunzi wakanakili kwa biki za rangi tatu. Nilipouliza kama wameelewa, walijibu "Ndiyo, Prof" kwa sauti moja, nami nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Sinus hawakuwa wamewahi kuiona popote. Prof wa hisabati wa mwaka wa tatu, mtu mpole, aliniambia hivyo tukiwa koridoni.

"Trigonometria? Mimi nitaifikia mwezi wa nne, mdogo wangu. Programu ndivyo inavyosema."

Yaani fizikia ilikuwa inadai mwezi wa kumi kitu ambacho hisabati ingekileta mwezi wa nne. Nilimshukuru, nikaendelea kama nilivyokuwa. Nilijiambia si kazi yangu. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sinus nilikuwa naibonyeza tu kwenye kalkuleta. Kama ungeniuliza sinus ni nini, jibu la kweli lingekuwa: ni kitufe.

Kwenye mtihani wa muhula wa kwanza niliweka swali moja kubwa, la pointi kumi. Baiskeli iliyobeba makala, yaani makaa ya kupikia, uzito wa nyutoni mia nane, iko kwenye mteremko wa digrii thelathini. Ni nguvu gani inayoirudisha chini? Kwa kalkuleta iliyowekwa vizuri unapata mia nne kamili. Wanafunzi wengi waliandika fomula yangu kama nilivyoiandika, mishale ya rangi na yote, kisha kalkuleta zao, ambazo hazikuwa zimewekwa kwenye digrii, zikawapa hasi mia saba na tisini. Hasi! Maana yake baiskeli yenye makala inapanda kilima peke yake, na mwenyewe anaikimbilia nyuma. Kumi na wanane waliandika jibu hilo, na hakuna aliyeshangaa. Mimi pia sikushangaa vya kutosha. Niliwapa sita juu ya kumi, kwa sababu fomula ilikuwa safi.

Msichana wa benchi ya tatu hakuandika fomula. Alichora pembetatu kwa rula na kipimapembe, upande wa mteremko ukiwa sentimita kumi. Akapima kimo chake, akapata tano nukta moja. Chini yake akaandika: "Kupanda gawanya kwa njia. 5,1 kwa 10. Mara 800. Jibu 408." Nilimwandikia kwa biki nyekundu: "Fomula iko wapi? 408 si 400." Nikampa sifuri. Jumla yake ikawa nane juu ya ishirini.

Katika shule yetu, anayekosa nusu ya fizikia hujadiliwa na baraza la walimu, na baraza lilikuwa na desturi moja tu kwa mtu kama huyo: kumtoa sehemu ya sayansi. Niliporudisha karatasi Jumatatu, alikuja mezani kwangu wengine walipotoka.

"Prof, baraza ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi niko na siku ine." Alisema hivyo kama mtu anayehesabu mayai. "Papa alisema kama nikitoka sayansi, nitaenda kushona kwa shangazi. Kushona haina mubaya, Prof. Lakini minye nilitaka kujua umeme inapita namna gani mule kiwandani. Papa iko anatumika Shituru miaka makumi mbili, anaona shaba inatoka kwa maji, na nikimuuliza anasema tu: iko inapita."

"Ungefuata fomula," nikamwambia.

"Ndiyo, Prof."

Akaikunja karatasi mara nne, taratibu, akaiweka kwenye kaye yake iliyokatwa. Sikujisikia vibaya wakati huo. Hili pia naliungama. Nilihisi nimekuwa mwalimu mkali anayeheshimika.

Alasiri hiyohiyo, nje ya lango, nilinunua karanga kwa mama anayekaa pale na sinia lake. Alinifungia kwa karatasi. Nilipokuwa nakula, kidole changu kikapita kwenye ukingo wa karatasi ile, na nikaujua ukingo huo kabla ya kuutazama. Ulikuwa umenyooka mno. Ulikuwa ukingo wa wembe.

Nilimwaga karanga mfukoni nikaifungua karatasi. Mwandiko wa mtoto, kichwa cha somo kimepigwa mstari mara mbili: "UWIANO. Kupanda gawanya kwa njia." Chini yake jedwali dogo: kumi kwa mia, ishirini kwa mia, thelathini kwa mia. Pembeni kabisa: "Angalia mbele, somo la ubao."

"Mama," nilimuuliza muuzaji, "hizi karatasi unazitoa wapi?"

"Batoto ba kwenu, Prof. Banataka karanga, banaleta karatasi. Mingi!" Akanyanyua rundo lililokuwa chini ya sinia. "Iko muzuri sana, na imekatwa sawa ya mashini. Sijui nani alikata, lakini ule muntu anajua kazi."

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama karanga zina mchanga. Jibu la yule msichana, lile nililoliona kuwa ukaidi wa mtu asiyetaka kujifunza fomula, lilikuwa somo. Alifundishwa, alilishika, na alilitumia mahali pake. Chombo chenyewe ndicho nilichokituma sokoni kikafunge karanga.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama wa mwaka wa pili. Ana umri wa mama yangu mzazi, mfupi, daima kwenye kitenge, na kipande cha chaki nyuma ya sikio kama fundi seremala anavyoweka penseli. Nilimwomba nikae darasani kwake. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu ya kwa nini, lakini hakuyahitaji.

"Ingia, papa," alisema, jinsi wamama wa kwetu wanavyomwita kijana wanayempenda au kumhurumia. "Kaa nyuma. Mutoto akikuuliza kintu, umwambie hujui."

"Na kama najua?"

"Umwambie hujui."

Juu ya meza yake kulikuwa na ubao wa mita moja, gari dogo la mbao lenye beringi kuukuu badala ya magurudumu, jiwe ndani ya gari, na mizani ya springi. Gari na jiwe vilikuwa na uzito wa nyutoni ishirini. Watoto wenyewe walipima kwanza, mmoja akishika mizani na mwingine akisoma kwa sauti. Kisha aliweka matofali chini ya ncha moja ya ubao hadi ikainuka sentimita kumi, akamwita msichana mmoja avute gari kupanda. Mizani ikasoma mbili na kidogo. Akainua hadi ishirini: nne na kidogo. Thelathini: sita na kidogo. Hakusema neno la maelezo. Alipofika arobaini, aliushika mkono wa mvutaji.

"Ngoja. Nani anajua mizani itasema nini?"

"Kumi!" mmoja akapiga kelele.

"Kumi ya nini? Weye unavuta treni?" jirani yake akamjibu.

"Nane," akasema mwingine, polepole. "Nane na kidogo."

Gari likavutwa. Nane na kidogo. Darasa likafanya kelele kama timu imefunga bao, na yule aliyesema kumi akadai alikuwa anajaribu tu kama wenzake wako macho. Mama akangoja kelele iishe. Hakuharakisha hata kelele.

"Sasa fungeni mbele. Geuzeni kaye."

Kaye zote ziligeuka kichwa chini kwa wakati mmoja, kwa sauti moja laini, na sauti ile mpaka leo naipenda kuliko wimbo wowote. Upande wa nyuma, kwenye ukurasa ambao ulikuwa ukingoja, waliandika: uwiano, kupanda gawanya kwa njia. Wakafanya hesabu sita za uwiano. Sita tu, na zote zilikuwa na kilima, ngazi au bati la nyumba ndani yake. Hakuwapa hisabati hata chembe moja zaidi ya ile ambayo ubao ulikuwa umeomba. Hata neno sinus halikutajwa. Halikuwa limeombwa bado.

Mtoto mmoja akanyoosha kidole. "Mama, na hii kidogo? Kila mara iko kidogo."

"Umeona vizuri. Iko na jina lake, na siku yake itafika. Leo muandike tu: na kidogo."

Wakaandika "na kidogo". Mimi ningefuta tablo yote, ningeeleza msuguano kwa dakika arobaini, ningechora mishale. Nisingeweza kuiacha ile "kidogo" ilale pale ndani ya kaye, haina maelezo, mpaka ifike zamu yake. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kuacha kitu ni kazi, na kwamba kazi hiyo inataka mtu anayejua njia yote mpaka mwisho. Mimi nilikuwa namwaga kila kitu kwa sababu sikujua kipi kinaweza kungoja.

Baada ya somo tulibaki wawili. Alifungua kabati akatoa kaye ya zamani, iliyojaa, ya mwanafunzi aliyekwisha kumaliza shule. Aliniambia ilivyoanza. Miaka fulani migumu, watoto walikuja na kaye moja kwa masomo mawili, na yeye alikuwa na masomo hayo mawili. Mwanzoni aliwaambia waanze hisabati nyuma ili tu kubana nafasi. Halafu aligundua jambo. Alichukua ufunguo wake akainua pini za katikati, akazichomoa, akatoa karatasi ya nje kabisa na kuilaza wazi mezani.

"Soma."

Upande wa kulia ulikuwa ukurasa wa kwanza wa fizikia: kupima njia na muda wa mtu anayetembea. Upande wa kushoto, kichwa chini, ulikuwa ukurasa wa kwanza wa hisabati: kugawanya, na maana ya "kwa kila". Akatoa karatasi iliyofuata. Kulia, mchoro wa mwendo. Kushoto, jinsi ya kuweka namba mbili kwenye mistari miwili. Akaendelea kuzitoa moja moja, kutoka nje kuelekea ndani, na kila mara ilikuwa hivyo. Tukafika kwenye somo la ubao. Kushoto kwake kulikuwa na uwiano.

"Hii ni karatasi ngapi, papa?"

"Moja."

"Basi."

Alikuwa amepanga mwaka mzima hivyo, somo na chombo chake kwenye karatasi moja, ili mtoto akipotea mbele ajue pa kwenda nyuma bila kumuuliza mtu. Na kama ukurasa wa nyuma ulikuwa bado mtupu, hakusogea mbele, hata prefe akigonga mlango. Nilikuwa nimepita na rula kuhakikisha kwamba wembe unapita katikati ya kila moja ya karatasi hizo.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyezikata."

"Najua. Batoto baliniambia siku ile ile."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ulikuwa unatembea mbio sana. Nikisema jambo, weye uko kule kwa lango." Akacheka, akanishika bega. "Leta ule mutihani wako nione."

Nilimpa swali. Alilisoma, akanitazama juu ya miwani. "Digrii makumi tatu? Hii ni barabara ama ni ukuta? Uliona wapi muntu wa makala anapanda fasi ya vile?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Kila asubuhi nawapita watu wanaosukuma makala kutoka upande wa Buluo, wameinama, wanakwenda mshazari barabara nzima ili kilima kiwe kirefu na chepesi, na sikuwahi kuwaona kama fizikia. Kisha nikamwonyesha lile jibu la 408.

"Ulimupa ngapi?"

"Sifuri."

Alisugua chaki kwenye vidole vyake. "Bale ba hasi baliandika namba. Huyu aliandika nguvu. Aliiona." Akazirudisha karatasi ndani ya kaye moja moja, akabonyeza pini. "Ijumaa utasema. Minye nitakuwa pale, lakini sitasema kwa kinywa yako."

Zilibaki siku tatu. Sikuwa na diploma ya ualimu, nilikuwa kwenye majaribio, na nilikuwa nakwenda kusimama mbele ya watu ambao wote wanayo, niwaambie kwamba sikujua nilichokuwa nafundisha. Niliandika maneno yangu mara tatu. Ya tatu niliikosea mstari wa mwisho, na kwa uchovu tu sikuanza upya.

Ijumaa baraza lilikaa katika darasa la mwaka wa nne. Prefe alisoma majina, akafika kwa yule msichana: fizikia, nane. "Ahamishwe?" Nikasimama. Nikaikunja karatasi yangu bila kuisoma.

"Prefe, ile nane ni kosa langu."

"Ulikosea kusahihisha?"

"Nilikosea kufundisha. Kusahihisha kulifuata nyuma." Nikaeleza yote: kaye, wembe, karanga, kitufe cha sinus. Nikasema jibu lake lilikuwa kazi nzuri na nililipa sifuri.

"Lakini 408 si 400," alisema prof wa hisabati, kwa upole wake.

"Ndivyo nilivyomwandikia. Na hasi mia saba na tisini, je? Hiyo niliipa sita."

Prefe alivua miwani. "Hasi? Yaani kinga iko inapanda yenyewe, na makala juu?"

"Ndiyo, Prefe. Baiskeli inapanda peke yake."

"Basi minye nitauza gari yangu, ninunue kinga ya vile." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Maneno ni maneno tu, nataka nione. Mwiteni huyo mtoto."

Alikuja, mikono nyuma, macho chini. Prefe alimpa swali lake mwenyewe papo hapo: njia ya mita ishirini inapanda mita tatu, mzigo una uzito wa nyutoni mia sita. Msichana alifikiri kidogo. "Tatu kwa makumi mbili, mara mia sita. Makumi kenda." Tisini. Sahihi. Prefe akasema, sasa bila mita: digrii arobaini, nyutoni mia tano. Msichana akachukua rula kubwa ya tablo na kipimapembe cha mbao, akachora mteremko wa sentimita mia moja, akapima kimo, akapata sitini na tano. Akaandika 325. Prof wa hisabati alibonyeza kalkuleta yake.

"Mia tatu ishirini na moja. Amepita kwa nne."

"Ni chaki, Prof," akasema msichana. "Iko nono."

Hata prof wa hisabati alicheka. Mama wa mwaka wa pili alikuwa amekaa karibu na dirisha, hajasema neno. Mimi nilikwenda kwenye tablo. Sikuwa nimepanga kwenda.

"Hii sitini na tano kwa mia uliyoipata," nilimwambia, "ina jina lake. Inaitwa sinus ya digrii arobaini. Kwa chaki nyembamba ungepata sitini na nne na kidogo."

Alitazama tablo, akanitazama mimi, akatazama tena tablo.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Sasa juu ya nini ulitufichaka?"

Kwa nini niliwaficha, aliuliza, mbele ya baraza zima. Darasa lililojaa walimu lilicheka mpaka prefe akagonga meza, na katikati ya kicheko hicho nilimwona Mama akitoa chaki nyuma ya sikio na kuichezea, akitabasamu huku akiangalia sakafu.

Msichana alibaki sehemu ya sayansi. Swali lake nililipa tisa. Ile pointi moja niliyoibakiza ilinisumbua wiki nzima, nikaiongeza. Prefe aliamuru darasa lote lirudie swali hilo baada ya kufundishwa upya, na akaongeza muda wangu wa majaribio kwa mwaka mzima. Nilikubali adhabu hiyo kwa furaha ambayo sikuweza kuionyesha. Wiki iliyofuata tulikusanya nusu za kaye zilizobaki majumbani, na yule mama wa karanga alinirudishia rundo lake lote, akiuliza atafungia nini sasa. Nikampelekea magazeti. Tulizishona kwa uzi, darasa zima, na msichana wa benchi ya tatu ndiye aliyetuonyesha mshono wa shangazi yake. Kaye nyingi hazikutimia. Zile zilizotimia zilivimba na kupinda, na hakuna hata ukingo mmoja ulionyooka.

Mwaka mmoja umepita. Sasa wanafunzi wangu wanaandika kaye kutoka pande mbili, somo na chombo chake kwenye karatasi moja. Prof wa hisabati nami tunakaa pamoja kabla ya shule kufunguliwa na kupanga nani anatangulia. Sinus inaingia mwezi wa kumi, na inaingia kama kupanda gawanya kwa njia. Kila Jumanne, kama ratiba inaruhusu, nakaa kwenye benchi la nyuma la Mama, na mtoto akiniuliza kitu namwambia sijui. Bado naandika kila somo mara tatu. Nikifuta, sianzi upya.